Ekari Kumi za Digidigi

Palikuwa na Digidigi asiye na shamba hata la mchicha, ila kila msimu alichukua mbolea ya ruzuku ya ekari kumi. Siku moja Chui, mkaguzi wa serikali ya Simba, alibisha hodi.

"Nionyeshe shamba lako."

Kwa hofu Digidigi akampeleka kwenye mahindi ya jirani yake, Nungunungu.

"Una hakika ni lako?"

"Langu, mheshimiwa. Nimelirithi kwa babu."

Chui akatoa kucha. "Basi ni wewe tuliyekuwa tukikutafuta. Mwenye shamba hili huuza mbolea ya serikali ng'ambo ya mto."

Digidigi akapiga yowe kumwita Nungunungu. Nungunungu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni mwa shimo lake, akarudi ndani polepole.