Shati Namba Saba

"Mikono mifupi," komanda alisema. "Mashati yote. Viwiko vionekane."

Massoudi aliacha kukanyaga cherehani. Mtaa mzima wa Cibitoke ulijua watu wanavyofungwa kule kambini kwa komanda: mikono nyuma, kamba juu ya viwiko, inakazwa mpaka kifua kinataka kupasuka. Aliyetoka alitoka na alama mbili kama bangili. Serikali ilisema hakuna kamba. Ilisema hakuna alama. Ilisema pia hakuna Seifu.

Seifu alikuwa mwanawe. Walimchukua kibandani hapo hapo mwezi wa tisa, akiwa bado ameshika pasi ya mkaa. Ofisi tatu za serikali kule Rohero zilimjibu baba yake kwa sentensi moja: hatuna mtu wa jina hilo. Kisha Sylvère, fundi wa baiskeli, akaachiwa. Alipita kibandani, bangili zake zikiwa bado mbichi, akanong'ona: "Mutoto wako nimemuona. Anapumua."

Sasa wabunge sita walikuwa wanakwenda kuwatazama wafungwa kwa macho yao. Bunge lilikuwa limebishana wiki tatu juu ya jambo hilo. Wakiziona alama, watapiga kura milango ifunguliwe. Wasipoziona, faili litafungwa.

Komanda aliweka karatasi mezani. Mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila mfungwa: namba na vipimo, bila jina hata moja.

"Namba ishonwe kifuani. Kesho kutwa asubuhi nachukua. Na mdomo wako uushone pia."

"Ndiyo, komanda."

Juu ya mikono mifupi Massoudi hakuuliza neno. Alidhani mwanajeshi amekosea, na hakutaka kumsahihisha.

Mchana mkewe, Mwanne, alipoleta chakula, alimkuta ameishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Mama Seifu, huyu wa saba ni yeye. Bega ni lake. Urefu ni wake. Nilimshonea shati la Idi, vipimo mi sisahau."

"Na kifua?"

"Kimezidi sentimita kumi na moja. Amenenepa."

"Ni mutu gani ananenepa kule?"

"Wanawalisha sababu ya wabunge."

"Wamulishe siku ngapi, apate kifua cha ngoma?" Mwanne aliweka sahani chini. "Baba Seifu, we unapima shati ao unapima roho yako?"

Massoudi aliisogeza sahani pembeni. Alisubiri aondoke, akachana ukurasa wa daftari, akaandika:

*Mwanangu Seifu, wabunge wakifika, taja jina lako kwa sauti. Waonyeshe viwiko. Usiogope.*

Barua ilikuwa imekwisha. Lakini barua isiyo na salamu ni ya polisi, na Massoudi hakulelewa hivyo. Akaongeza:

*Mama anakusalimu. Dada yako Nawal anakusalimu sana. Jirani yetu Sylvère anakusalimu, ndiye aliyetuambia uko hai.*

Aliikunja mara nne, akaiingiza ndani ya kola ya shati namba saba, nyuma ya kitambaa kigumu, akashona. Alipiga pasi juu yake. Haikuonekana.

Alhamisi redio ilisema wabunge wamewaona wafungwa kumi na wawili. Afya njema, ngozi safi, hakuna aliyelalamika. Ijumaa Bunge lilipiga kura, na faili likafungwa. Redio iliwaacha wasikilizaji wayasikie makofi mpaka mwisho. Massoudi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Uzi ulipita mara ya kwanza.

"Labda waliogopa kusema," Mwanne alisema.

"Watu wanaogopa. Alama haziogopi."

"Basi zilikwenda wapi?"

Massoudi alitazama sindano. Alijaribu kukasirika, hasira haikuja. Alijaribu kulia, hata hilo likashindikana. Akashona vifungo vya gauni la mtu.

Jumamosi alinunua gazeti. Ukurasa wa kwanza, mbunge mwenye tai alikuwa ameshikana mkono na mfungwa wa namba saba. Shati lilimkaa vizuri. Mshono wa bega ulilala pale pale ulipotakiwa kulala. Hakuwa Seifu. Alikuwa mtu wa kifua kipana, viwiko laini kama vya mtoto, anacheka, na jino moja la mbele hana.

Massoudi aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Kisha akalitandaza gazeti mezani kama magazeti mengine yote anayokatia vipimo, akachora juu yake kwa chaki mkono wa shati la mteja, akaanza kukata. Mkasi ulikuwa haujafika kwenye picha mtu aliposimama mlangoni na kuziba mwanga.

Alikuwa kaporali, gwanda limepigwa pasi, bunduki begani. Alisalimia kwa adabu.

"Salama, muzee?"

"Salama."

Kaporali alitabasamu. Jino moja la mbele hakuwa nalo. Aliinama, akaitazama picha yake mezani, akaweka juu yake karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Kola yako iliniwasha siku nzima," alisema. "Sasa, huyu Sylvère anayenisalimu, anakaa avenyu ya ngapi?"