Mlinzi wa Kichuguu

Nguchiro wa kichuguu kimoja walikuwa na desturi ya kumweka mlinzi juu amsikilize hondohondo, ndege anayemwona tai kabla ya wote na kupiga kelele.

Zamu ilipomfikia Chepe, alikuwa na mafua ya siku nne. Akamwendea mkubwa wao.

"Bibi, masikio yangu yameziba, na hili la kushoto linauma. Mpange mwingine."

"Mafua ni ya pua," Bibi akamjibu. "Kwani wewe unasikiliza kwa pua? Panda huko, acha uvivu!"

Chepe akapanda. Hondohondo akalia mpaka sauti ikamkauka, lakini Chepe hakusikia chochote. Tai akashuka, akambeba mjukuu wa Bibi.

Chepe akafukuzwa kwa uzembe. Aliondoka huku usaha ukimchuruzika sikioni.

Kesho yake zamu ikawa ya Ndole, aliyekuwa akipiga chafya tangu alfajiri.

"Masikio yako mazima?" Bibi akamwuliza. Ilibidi aulize mara mbili.

Ndole akaitazama njia aliyopita Chepe. "Mazima kabisa, Bibi."

"Huyu sasa ndiye mlinzi," Bibi akasema, akawatoa wajukuu waliobaki wakacheze nje.