Milioni Moja na Moja

Tisini na saba nayo ikagoma. Mwalimu Wangwe akagawanya upya, akapata baki ileile ya ishirini na nane, akaitupa kalamu.

Huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa hesabu wa Karungu nzima, kwa ushahidi wake mwenyewe. Likizo ya Aprili 1966 alikwenda Mbita kumchumbia Mwalimu Pauline, akamweleza kwa saa nzima kwamba hakuna nambari iliyowahi kumshinda. Kwamba Pauline naye alifundisha hesabu, hilo halikumjia akilini. Pauline alimsikiliza mpaka chai ikapoa.

"Basi nitafutie nambari inayogawanya milioni moja na moja bila baki," akasema. "Moja sitaki, na yenyewe sitaki. Ukiipata, njoo nayo Jumamosi yoyote. Mama huwa nyumbani."

Wangwe akarudi Karungu akicheka. Mbili ikakataa, tatu ikakataa. Saba ikabakisha mbili, kumi na tatu ikabakisha mbili. Kufikia wiki ya tatu madaftari mawili yalikuwa yamejaa, na kicheko kimemwisha.

"Hii ni namba tasa," akamtangazia Maroa, mwalimu wa historia aliyeishi naye nyumba moja. "Haigawanywi na chochote. Yule mwanamke amenikataa kwa hesabu!"

"Lakini si ulisema lazima mtu ajaribu mpaka karibu elfu ndiyo awe na hakika?"

"Hiyo ni kanuni ya wanafunzi, Maroa. Wewe kaa na wafalme wako."

Siku hiyohiyo akamwandikia Pauline barua fupi: mzaha wake ameuelewa, na wasichana wasiofumba mafumbo wapo tele. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, kufikia Agosti alishapeleka ng'ombe kwa kina Nyarangi, msichana wa upande wa Migori, na ndoa yao ikatangazwa kanisani.

Mwezi uliofuata walimu wakaitwa mkutanoni Homa Bay. Wangwe akamwona Pauline kwenye foleni ya chai, akapaza sauti ili meza zote zifaidi.

"Mwalimu Pauline! Ile nambari yako bado haijapata wa kuigawanya?"

Watu wakaangua kicheko. Pauline hakucheka.

"Wewe uliishia wapi?"

"Tisini na saba!" akajibu Wangwe, kifua mbele.

Pauline akakiweka kikombe chake mezani.

"Ni mia moja na moja, Mwalimu. Hiyo haibakishi kitu," akasema taratibu. "Nilikuchagulia rahisi makusudi. Mama alikuchinjia kuku Jumamosi tatu."