Mstari Mmoja wa Vestine

Gizani, kabla ya jogoo, kifuniko cha bidoni yangu tupu ya maziwa kiligongagonga kwa upepo. Tangu lile tangazo juu yangu libandikwe sokoni Mushaki, hakuna tena anayenunua maziwa kwangu, wala sina pesa ya kuyachukua kwa wafugaji. Liliandikwa: "Anatia maji ya mutoni. Batoto benu batakufa bure."

Lilichapwa kwa kompyuta, na sisi wa masomo ya jioni tuko na moja tu, tunaipokezana kwa zamu. Usiku huu ililala kwangu.

Niliandika: grep -r "batakufa bure" . Mwalimu alisema amri hiyo inaingia katika kila faili, inarudi na mstari wenye maneno hayo na jina la faili.

Ulirudi mstari mmoja. Faili ni ya Vestine, muuza maziwa mwenzangu, aliyemshika binti yangu siku ya ubatizo, akawa kwake tantine, kama mama mdogo.

Sikulia. Nilifungua ukurasa mweupe, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, na chini yake nikaanza uongo mubaya kupita wake.

"Hodi, Mama Isimbi! Bado munalala, bavivu?"

Isimbi wangu alikimbia kufungua. Kidole changu kilibaki juu ya kibonyezo.

"Mama, tantine Vestine anatuletea maziwa."