Picha Mpya ya Bokoli

Levi Wabwile aliikuza picha mpaka ikavurugika, akairudisha kidogo. Hema lilikuwa palepale. Hema jeupe, uani kwa mama yake, na watu wamelizunguka, wadogo kama punje za wimbi.

"Bungoma imebadilishwa!" Judy, mwenzake wa kazini, alikuwa ametangaza asubuhi hiyo, akisoma habari za wachora ramani kwenye kompyuta yake. Wenye picha za setilaiti walikuwa wameiondoa ile ya zamani, iliyokaa chini ya ramani zao miaka na mikaka, wakaweka mpya iliyopigwa Januari. Ofisi ya Levi na Judy, mjini Kitale, kazi yake ilikuwa kuchora mipaka ya mashamba, lakini picha mpya ikija, mashamba husubiri. Kila mtu hukimbilia kwao kwanza kuona kama mabati yameongezeka.

"Levi, kwenu si ni Kanduyi? Hebu tuone, bana," Judy akasema.

"Mawingu yamefunika," Levi akajibu.

Hata hiyo Kanduyi ilikuwa uongo. Kwao ni Bokoli, na Bokoli aliificha jinsi mtu anavyoficha kidonda.

Aliondoka Bokoli siku ya sherehe yake mwenyewe. Mama alikuwa amealika kanisa zima kumshangilia mwanawe aliyehitimu chuo kikuu. Ng'ombe akachinjwa, joho likakodiwa. Mchungaji akiwa katikati ya maombi, mnong'ono ukaanzia benchi la nyuma ukasogea mbele: Levi hakuhitimu. Alikuwa ameacha masomo mwaka wa pili, akanyamaza, akaendelea kuja likizo kama wenzake. Hakungoja macho ya mama yamfikie. Aliteremka mbio mpaka mto Kuywa, akavua joho la watu na viatu alivyoazima kwa ndugu yake Khisa, akavipanga vizuri ukingoni asije akaitwa mwizi pia, juu ya kuitwa mwongo. Simu akaitupa majini. Mto ulikuwa umejaa, lakini alivuka.

Tangu hapo hakurudi wala hakupiga simu. Kila mwaka alisema atapiga, na kila mwaka aibu ilikuwa imenenepa zaidi. Alichofanya ni kutazama. Kabla ya kazi alifungua ile picha ya zamani: paa la jikoni, kaburi la baba lenye saruji, migomba karibu na lango. Maadamu paa lipo, alijiambia, mama yupo. Alijua fika kwamba picha ile ilikuwa kuukuu. Kujua hivyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hata hivyo alijidanganya, maana kudanganya hakukuwahi kumshinda.

Sasa, upande wa pili wa hema, palikuwa na doa jekundu la udongo. Akachukua rula ya programu akalipima. Mita mbili na kidogo. Watu wa harusi hawachimbi shimo la kipimo hicho.

Aliomba ruhusa akisema tumbo linamuuma, na safari hii hakudanganya.

Pale Webuye alipanda bodaboda. Ndevu zilikuwa zimemjaa usoni, wala hakuogopa kutambuliwa.

"Bokoli wapi?" mwendeshaji akauliza.

"Kwa Mama Levi."

"Aa! Kwa ile matanga ya Januari? Mimi ndio nilibeba viti. Pole sana." Kijana akawasha pikipiki, akaendelea kusema huku upepo ukimkatiza. "Lakini ile sanduku ilikuwa nyepesi, bana! Vijana wawili tu walibeba, na hakuna mtu alitoa jasho."

Levi akauma mdomo. Kwa hiyo mama alikwisha mwili namna hiyo, akafa amekonda, na mwanawe yuko Kitale hapo hapo, asimpelekee hata kikombe cha uji. Alitaka kuuliza ni ugonjwa gani. Lakini ni mtoto wa aina gani anayemuuliza mtu wa bodaboda kilichomuua mama yake? Akashikilia chuma cha nyuma mpaka wakafika.

Alishuka mbali kidogo na lango. Kwenye migomba shina moja lilikuwa limekatwa, zima, kabla halijazaa, na kisiki kilikuwa kimeanza kuchipua upya. Hakuthubutu kupita langoni. Akazunguka kwa nyuma, akapenya kwenye mahindi, akanyata kama yule mwizi aliyekataa kuitwa.

Kaburi lilikuwa pembeni kabisa, mbali na la baba, karibu kugusa ua. Hilo nalo likamchoma. Kwa nini wamlaze mama peke yake hivi, kana kwamba hakuolewa katika boma hili? Msalaba wa mbao ulielekea nyumbani, ukampa mgongo. Hakuhitaji kuuzunguka ausome. Akapiga magoti kwenye udongo.

"Mayi, nisamehe," akasema. "Niliona haya. Niliona haya mpaka nikakuacha ufe."

Kilio kikamshika. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, paji la uso likagusa ardhi, asijali tena nani anamwona. Hakusikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, wala malapa yakiburutwa uani. Alishtuka mkono mkavu, wenye harufu ya moshi, ulipomgusa begani kutoka nyuma.

"Nyamaza, baba, nyamaza," ikasema sauti aliyoijua tangu ananyonya. "Pole, mgeni. Mto haukuturudishia mwili, tukazika shina la mgomba tu. Kumbe na wewe ulijua Levi wangu?"