Punda na Barua ya Msamaha

Mungu anisamehe. Jirani yangu Shekalaghe alipotoka kifungoni kwa msamaha, nilikataa kumpa mkono. Nilimwonea wivu, kama Punda alivyomwonea Kicheche.

Kicheche aliiba mayai, akahukumiwa kunyongwa. Mfalme Nyati akamhurumia, akampa barua ya msamaha yenye mhuri wa lakiri nyekundu, aivae shingoni. Wanyama wakamiminika kuitazama.

Punda, aliyemtekea mfalme maji miaka yote bila kuiba hata jani, akashindwa kuvumilia.

"Mimi mwaminifu sina hata kikaratasi," akanung'unika, "na huyu mwizi anapambwa kama bibi harusi!"

Kicheche alipoinama kunywa maji, Punda akainyakua ile barua, akaitafuna, akaimeza.

Askari wakamkuta Kicheche shingo tupu.

"Barua iko wapi? Huna? Basi twende kwenye kamba!"

"Bwana Punda, sema basi, nakufa mwenzio!"

Punda akaangalia pembeni. Lakini midomo yake ilikuwa myekundu kwa lakiri, na mfalme, aliyefika aliposikia kelele, akaiona.

"Kumbe mwizi ni wewe! Haya, Kicheche, wewe ndiye uliyeibiwa. Tumfanyeje?"

"Mwandikie na yeye, bwana wangu. Mimi najua shingo inavyowasha ikingoja kamba."

Basi Punda akavishwa barua aliyoitamani, na kila aliyeisoma alijua ameiba nini.

Nawe unayenisikiliza, nakuomba unisindikize leo kwa Shekalaghe. Peke yangu naona haya.