Dole Gumba la Mume

Leodgar alilichovya dole gumba lake kwenye wino, akalikandamiza chini ya ripoti, kisha akaandika pembeni kwa mwandiko wa kupendeza: "Mume wa mteja. Amekubali kuacha pombe."

Ilikuwa Jumamosi, mwaka 1984. Gari la ofisi ya ustawi wa jamii lilikuwa limekaa juu ya mawe kwa kukosa matairi, na nyumbani kwa mteja wake, mbele ya Butiama, hakukufikika ila kwa miguu. Leodgar alikuwa nayo miguu, lakini aliitunza.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mzaliwa wa Morogoro, na mafunzo ya vitendo alikwisha kuyafeli mara moja. Akifeli tena, chuo kingemrudisha kwao na begi lake. Jumatatu msimamizi wao, Bi. Dorotea, angekuja kukagua.

Wanafunzi watatu waliopangiwa mkoa wa Mara walikutana kila Jumamosi kwenye hoteli moja ya mtaa wa Iringo, mjini Musoma, kushauriana kuhusu kesi zao, na ripoti haikupokelewa bila sahihi za wenzako. Hamduni wa Bunda alikuja kwa ajili ya chai, hasa wiki ambazo sukari ilipatikana. Gati, binti wa Kikurya aliyepangiwa Musoma mjini, alikuja kushauri. Leodgar alikuja kusifiwa.

"Mteja B," alisoma kwa sauti ya mhubiri, maana majina hayatajwi. "Miaka ishirini. Alikuja kuomba kibali cha blanketi. Akasema aliyemwoa ni mkali, na mtoto si wa damu yake, lakini hana wivu hata chembe." Akashusha karatasi. "Mmeona? Mwanamume tasa. Anakunywa kuficha aibu."

"Binti alisema anakunywa?" Gati aliuliza.

"Hakusema. Ndio utaalamu huo, dada."

"Na huyo aliyeoa, anaye mtoto wa kiume?"

Leodgar alicheka mpaka chai ikamwagika. "Maswali ya kijijini hayo! Mtu tasa atamtoa wapi?"

"Ndiyo maana nakuuliza. Wewe umefikaga huko, ukamwona kwa macho?"

"Nimekaa naye saa nzima. Ndevu mpaka hapa." Leodgar alijigusa kifuani. "Ananuka gongo. Tumezungumza mwanamume kwa mwanamume, akalia."

Gati akachukua kalamu.

"Basi mimi sina ushauri," alisema, akatia sahihi. Hamduni akatia yake bila kusoma, akauliza kama lile andazi lina mwenyewe.

Jumatatu Bi. Dorotea alisoma ripoti yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akavua miwani akaipangusa.

"Hapa kwenye machozi na ndevu pamenigusa," alisema. "Miaka yote hii sijapata mwanafunzi aliyemliza mume."

Leodgar aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi tangu asubuhi.

"Kawaida yangu, kesi ninayoikagua nawaita wenyewe. Nilimwagiza mwenyekiti wa kijiji tangu wiki jana. Mke na mume wanakuja sasa hivi, nimpe mkono huyo bwana."

Leodgar akajipa moyo. Mlevi akikana, nani atamwamini? Walevi ndivyo walivyo, wanasahau hata walichotia dole. Alikwisha kusahau kwamba ulevi wenyewe aliutunga yeye.

Mlango ukafunguliwa. Mteja B, yaani Boke, aliingia na mtoto mgongoni. Nyuma yake alikuja bibi mmoja mfupi, khanga mbili mwilini, fimbo mkononi. Mwanamume hakuonekana, na roho ya Leodgar ikatulia kabisa.

"Shikamoo bibi. Utusubiri nje kidogo," alisema kwa upole wa kitaalamu. "Tunamngoja mume wa huyu binti."

Bibi alivuta kiti, akakaa, akaitazama ripoti iliyokuwa wazi mezani.

"Aliyemwoa ndiyo mimi," alisema. "Sina mtoto wa kiume, nikaoa mke kimila yetu; ng'ombe kumi na wawili nilitoaga mwenyewe. Sasa hilo dole gumba ni la nani?"